Kabla ya kulipia gari la juu, mzazi akae kwanza kiti cha nyuma

Familia nyingi zinazotafuta gari la kwanza Tanga huishia kuvutiwa na aina moja: gari fupi, injini ndogo, lakini limeinuka. Wauzaji huliita krosova; mtaani ni gari la juu. Majina yanajulikana: Toyota Rush, Honda Vezel, Nissan Juke, Mazda CX-3 na, kwa mwenye mfuko mrefu kidogo, Toyota Raize.

Sababu zinaeleweka. Lami ikiisha, mtaa unakuwa mchanga na mashimo. Mwisho wa wiki kuna shamba Muheza, ukweni Pangani, msiba Lushoto. Gari la chini linakwaruza tumbo, gari kubwa linakunywa mafuta. Gari dogo la juu linakaa katikati, na bei yake huwa ya kujikongoja nayo.

Mnunuzi akifika yadi, maswali yake yanajulikana pia. Linakwenda kilomita ngapi kwa lita? Vipuri vinapatikana? Limetembea kiasi gani? Likiuzwa tena litarudisha fedha? Yote ni maswali ya haki. Lakini yote ni ya mtu anayekaa mbele. Swali linalosahaulika ni la watakaokaa nyuma: mtoto atafungwa kwa nini, atapumua hewa gani, na akiwa chini nyuma ya gari nani atamwona?

Swali hilo ni la afya kabla halijawa la gari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mzazi anayempeleka mtoto kliniki kwa chanjo bila kukosa tarehe anafanya kazi nusu kama anamrudisha nyumbani amesimama katikati ya viti viwili.

Mkanda kwanza, rangi baadaye

Ukaguzi wa gari la familia uanzie mlango wa nyuma. Mzazi aingie, aketi katika kila nafasi, kisha avute mkanda mmoja mmoja mpaka mwisho. Uwe haujachanika wala kusagika pembeni. Auvute kwa ghafla: unapaswa kukwama. Auachie: unapaswa kurudi wenyewe bila kusukumwa. Aufunge na kuusikia ukibana.

Hapo ndipo mambo hujitokeza. Magari mengi hupambwa kwa kava za viti zilizoshonwa kwa haraka, na kava hizo hufunika vifungio vya mikanda. Kifungio kinaweza kuwa kizima kabisa lakini kimelala chini ya kava miaka mitatu bila kuguswa. Dawa yake ni mkasi na fundi cherehani, na gharama yake ni ndogo kuliko ile ya rimu mpya.

Kiti cha katikati kina mtihani wake. Katika baadhi ya magari ya zamani, nafasi hiyo ina mkanda wa kiunoni pekee, usiopita begani. Familia yenye watoto watatu ijue hilo mapema, kwa sababu mtoto wa tatu ndiye atakayekaa hapo kila siku. Viti viwili vya watoto vikishawekwa pembeni, nafasi ya kati ya gari dogo mara nyingi haimtoshi hata mtu mzima mwembamba. Wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba gari hili ni la watoto wawili, hata kama kadi yake inasema abiria wanne na dereva.

Mtoto mdogo hafungwi kwa mkanda wa mtu mzima. Mtoto mchanga anahitaji kiti chake kinachotazama nyuma, na akae hivyo kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu uzito na urefu wake. Anayefuata hukaa kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake. Mkubwa zaidi huwekewa kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite katikati ya bega na juu ya mifupa ya nyonga, usipite shingoni wala tumboni. WHO inashauri watoto watumie viti vyao angalau mpaka wafike miaka 10 au urefu wa sentimita 135, na inasema viti hivyo vinaweza kupunguza vifo vya watoto katika ajali kwa asilimia 60.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipotungwa haikuweka sharti la kiti cha mtoto, na ndiyo maana wengi hukiona kama pambo la wenye fedha. Hesabu ya mwendo haijali sheria inasema nini. Gari likigonga likiwa katika kilomita 50 kwa saa, asiyefungwa anapigwa kwa nguvu sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa anaweza kuvuta mikono ya mama kama mzigo wa kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Habari njema ni kwamba magari mengi ya Japani yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2012 yana vyuma maalumu vya kunasia kiti cha mtoto. Vimejificha pale mgongo wa kiti cha nyuma unapokutana na makalio yake. Mzazi apenyeze vidole, atavigusa. Na akimkuta muuzaji wa viti vya watoto vilivyotumika, aulize kama kiti kiliwahi kuwa kwenye ajali. Kisichojulikana historia yake kiachwe.

Mama mjamzito naye ana namna yake ya kufunga. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mapaja. Wa juu upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Kuacha mkanda kwa kuhofia kumbana mtoto kunawaweka hatarini wote wawili.

Mfuko wa hewa katika joto la pwani

Mfuko wa hewa, au eabegi kama mafundi wanavyouita, ni rafiki wa mtu mzima aliyefunga mkanda. Kwa mtoto mchanga aliyewekwa kiti cha mbele akitazama nyuma, mfuko huohuo unaweza kumuua ukifumuka. Kiti cha mtoto kikae nyuma.

Kuna jambo jingine linalowahusu zaidi watu wa pwani. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyofungwa katika magari ya makampuni mengi, ikiwemo Toyota, Honda, Nissan na Mazda. Baadaye ilibainika kuwa kemikali ya kuifumua, amonium naitreti, huharibika kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto na unyevunyevu. Ikiharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma ndani ya gari. Watu zaidi ya 20 wamekufa Marekani pekee, makumi ya mamilioni ya magari yakaitwa kufanyiwa marekebisho duniani, na Takata ikafilisika mwaka 2017.

Joto na unyevunyevu kwa miaka mingi: hayo ndiyo maisha ya gari lililoegeshwa Chumbageni au Raskazone. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi achukue namba ya chasisi na kuiingiza katika ukurasa wa mtengenezaji wa Japani unaoonyesha magari yaliyoitwa. Ni kazi ya dakika chache kwa simu, na kivinjari kitatafsiri Kijapani. Ikionekana gari liliitwa na halijarekebishwa, aulizie kwa wakala wa mtengenezaji kabla ya kuliendesha.

Kipimo kingine hakihitaji intaneti. Ufunguo ukizungushwa kabla injini haijawaka, taa ya mfuko wa hewa huwaka kwenye dashibodi kwa sekunde chache, kisha huzimika. Isipozimika, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliyeing'oa ili isiseme ukweli, na huenda mfuko wenyewe ulishafumuka katika ajali.

Ndoo nyuma ya gari

Gari la juu humpa dereva raha ya kuona mbali. Humnyima kuona karibu. Kadiri dirisha la nyuma linavyopanda, ndivyo eneo lisiloonekana nyuma ya bampa linavyorefuka, na mtoto wa miaka miwili anajaa humo bila shida. Tanga ni jiji la baiskeli na la nyua zisizo na geti. Watoto hucheza palepale gari linaporudi kinyumenyume.

Jaribio lake ni rahisi. Ndoo ya lita 20, ambayo inakaribia kimo cha mtoto anayetambaa, iwekwe nyuma ya gari. Dereva akae kwenye kiti chake na kutazama kwa vioo vyote. Mtu mwingine aisogeze ndoo nyuma hatua kwa hatua mpaka dereva aseme anaiona. Hatua hizo zihesabiwe. Wengi watashangaa.

Kamera ya nyuma husaidia, lakini ijaribiwe kweli. Lenzi iliyofifia kwa jua na chumvi huonyesha ukungu mtupu. Hata kamera nzima haichukui nafasi ya kanuni moja ya nyumbani: gari halirudi nyuma mpaka mtu mzima aseme kila mtoto yuko wapi.

Joto la gari lililofungwa

Gari lililoegeshwa juani hugeuka tanuri. Dakika 10 za kwanza zinatosha kupandisha joto la ndani kwa nyuzi 10 za Selsiasi, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima mara tatu hadi tano. Mchana wa Januari hapa pwani, kumwacha mtoto amelala ndani ya gari "mara moja tu" nje ya duka ni kumwacha katika hatari ya kifo. Kwa mtoto, hakuna mara moja.

Kwa hiyo kiyoyozi hapa si anasa, na kipimwe kutoka kiti cha nyuma. Baadhi ya magari haya madogo hayana matundu ya hewa baridi nyuma. Mbele watu wanahisi ubaridi, nyuma mtoto amelowa jasho. Kipimwe saa saba mchana gari likiwa limesimama, injini ikinguruma. Hewa ikitoa harufu ya uvundo, kichujio cha hewa ya ndani kikaguliwe. Mara nyingi kipo nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kikijaa vumbi na ukungu, mtoto mwenye pumu atakuwa wa kwanza kulalamika, kwa kikohozi.

Aina tatu, tabia tatu

Rush ya viti vitano iliingia sokoni Japani mwaka 2006, ikiwa ndugu pacha na Daihatsu Be-Go. Ina injini ya cc 1495 na tumbo lake liko takribani milimita 200 juu ya ardhi. Kwa njia ya Amani wakati wa masika, urefu huo unaonekana faida yake. Kwa upande mwingine inarusha kwenye mashimo, na gia zake nne za otomatiki huifanya injini ipige kelele katika mwendo mkubwa. Tairi la akiba limetundikwa kwenye mlango wa nyuma, hivyo mlango ni mzito, unafunguka kwa upande na unahitaji nafasi. Tairi hilo pia linaziba sehemu ya dirisha, na jaribio la ndoo linaihusu Rush kuliko nyingine. Isichanganywe na Rush mpya zaidi ya viti saba. Hilo ni gari jingine.

Vezel ilitoka mwishoni mwa mwaka 2013 ikiwa na injini ya cc 1500 hivi. Tangi lake la mafuta limekaa chini ya viti vya mbele, ndiyo maana nyuma kuna nafasi kuliko umbo la nje linavyoahidi. Yenye mfumo wa umeme na petroli huokoa mafuta katika foleni, lakini za mwanzo ziliitwa zaidi ya mara moja kurekebishwa mfumo wa gia, na betri yake kubwa huzeeka. Anayeitaka atafute kwanza fundi wa mfumo huo, ndipo atafute gari.

Juke, iliyoanza mwaka 2010, ni nyepesi mjini na rahisi kuegesha. Nyuma ni finyu, dirisha dogo, paa limeshuka. Mtoto anayetapika safarini atateseka humo kwa sababu haoni nje vizuri. Juke na Vezel zina jambo moja la pamoja: mpini wa mlango wa nyuma umefichwa juu, kwenye kona ya dirisha. Mtoto wa chekechea haufikii akiwa nje, na bibi huutafuta mpaka akakasirika. Kwa wengine hiyo ni kero, kwa wengine ni ulinzi.

Kwa gari lolote, loki ya watoto iliyopo ubavuni mwa mlango wa nyuma ijaribiwe. Na kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto, watoto wazoeshwe kushukia mlango wa kushoto, upande wa ukingo wa barabara, si upande wa bodaboda zinazopita.

Mafuta, mzigo na malori

Tofauti ya mafuta ihesabiwe, isikisiwe. Chukulia familia inayotembea kilomita 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ni kilomita 520. Gari la kilomita 12 kwa lita litatumia lita 43 hivi; la kilomita 16 kwa lita litatumia 32 na nusu. Tofauti ni takribani lita 11 kwa mwezi. Ni fedha ya kweli, lakini haitoshi kuwa sababu ya kuchagua gari lenye mikanda mibovu.

Injini ndogo pia ina mipaka yake. Watu watano, kiyoyozi na gunia la machungwa ya Muheza vikiwa ndani, gari la cc 1500 halichomoki haraka. Kati ya Segera na Chalinze malori ni mengi, na hapo ndipo dereva hujaribu kupita lori akidhani bado yuko peke yake garini. Jaribio la barabarani lifanywe gari likiwa limejaa. Gunia nalo lifungwe kwa kamba. Katika ajali, machungwa yaliyo nyuma ya kiti huja mbele pamoja na gunia lake. Mzigo juu ya paa huongeza yumbo la gari ambalo tayari limeinuka, na kona za Mombo kupanda Soni hazisamehe.

Kuinuka si mashua. Mvua ikijaza barabara, maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuelea na gari dogo.

Chini ya gari patazamwe kwa tochi. Magari yaliyotoka mikoa ya theluji Japani huja na kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani huko, na hewa ya bahari ya hapa huikamilisha kazi. Mengine huja na matairi ya theluji, laini na yasiyofaa lami ya moto. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazima lakini la miaka 10 ni tairi lililokwisha.

Anayeagiza mwenyewe atumie kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kutuma fedha. Gari lililopita miaka 8 huongezewa ushuru kwa uzee wake, na likipita 10 huongezewa zaidi. Gari "la bei rahisi" Japani linaweza lisiwe rahisi likifika.

Bajeti ianzie kwa mtoto

Kosa la kawaida ni kumaliza fedha zote kwenye gari, kisha viti vya watoto, matairi na shokapu vikasubiri mwezi ujao. Mwezi ujao una ada. Ni afadhali kununua gari la mwaka mmoja nyuma, au rangi isiyopendwa, likaja na kiti cha mtoto siku ileile linapoingia nyumbani. Mtoto aliyefungwa tangu safari ya kwanza hukua akijua gari haliondoki bila mkanda. Aliyezoea kusimama katikati ya viti atalia wiki nzima akifungwa, na wazazi wengi hushindwa katika wiki hiyo.

Siku ya kwenda yadi, familia ichukue vitu vitano: tochi, ndoo, simu yenye bando, fundi asiyelipwa na muuzaji, na watoto wenyewe. Watoto wakae nyuma, wafungwe, gari lizungushwe nusu saa kwenye mashimo na kwenye jua. Kisha waulizwe wao kwanza.